Wajukuu Zangu, Msipande Muwati Bondeni



Siku hizi hapa Njombe kila kijana ananijia na swali moja: mzee, nipande nini? Mmoja karithi ekari mbili upande wa Lupembe, mwingine kanunua kilima kizima kwa kuchangishana na wenzake walioko Dar es Salaam, wa tatu hana ila bonde alilokuwa akilima bibi yake. Wote wanajua kwamba nilikuwa bwana miti, basi wanadhani ninatembea na jibu mfukoni. Sina. Parachichi lina mambo yake, msindano una yake, na kuhusu mlingoti nimeshasema mpaka sauti imenikauka. Leo nitazungumza juu ya muwati, kwa kuwa huu ndio mti ambao watu wengi hawaupandi kwa makusudi wala hawaung'oi kwa makusudi. Wanauacha tu. Na muwati ukiachwa haukai pale ulipoachwa.

Niwatoe hofu kwanza. Sikuja kuutukana. Nyumba nyingi za kwetu zimeezekwa bati kwa fedha za magome yake, na wengi wenu mmekua mkiota moto wa kuni zake mwezi Juni, ule mwezi ambao baridi yetu humfanya mgeni wa pwani aulize basi la kurudi linaondoka saa ngapi. Ninachotaka mkielewe ni kwamba mti unaweza kuwa na faida na madhara kwa wakati mmoja, na kwamba ile faida ndiyo inayotufanya tufumbe macho mpaka madhara yawe makubwa. Mti usio na faida yoyote mngeshaumaliza zamani, wala msingekuja kuniuliza.

Asili ya muwati ni kusini-mashariki mwa Australia na kisiwa cha Tasmania. Mwaka 1864 mlowezi mmoja wa Natal, John Vanderplank, alileta mbegu zake Afrika Kusini. Mwanzoni walitaka kivuli na kinga ya upepo tu, kisha ikajulikana kwamba magome yake yamejaa tanini, ile dawa inayogeuza ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu na mikanda. Gome lililokauka vizuri linaweza kuwa na tanini theluthi moja ya uzito wake, na hata zaidi. Ulaya ilikuwa na njaa ya ngozi, basi mti ukapanda bei, na ukapanda vilima pia. Wajerumani waliujaribu Usambara, Waingereza wakausambaza nyanda za juu za Kenya. Miaka ya 1930, wakulima wadogo wa Kiambu, Murang'a na Nyeri walitegemea magome hayo kwa fedha ya kodi na ada za shule, maana kahawa, zao lenye bei, serikali ya kikoloni ilikuwa imewakatalia kuilima. Hapa kwetu Njombe, mwaka 1949, Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza, lililokuwa limeundwa mwaka mmoja tu kabla, lilianzisha kampuni ya muwati ya TANWAT, na tangu hapo jina la mji huu na jina la mti huo hayajatengana.

Kuna jambo moja huwa linanichekesha. Mwaka 1909 Mmarekani Edgar Mearns, daktari wa jeshi aliyefuatana na msafara wa uwindaji wa Theodore Roosevelt, alichukua sampuli ya mti uliopandwa Thika. Mwaka 1925 mtaalamu wa mimea Mbelgiji, Émile De Wildeman, akaitumia sampuli hiyo kuueleza mti rasmi na kuupa jina la kisayansi kwa heshima ya Mearns. Mti wa Australia, sampuli ya Kenya, Mmarekani aliyeichuma, Mbelgiji aliyeuandika. Ndivyo ulivyoanza kutembea, na haujakoma.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wetu alipewa jembe siku ya kwanza. Hakuja kuwa pambo la bustani, aliletwa kazini, na kwa miaka mingi aliifanya kazi hiyo vizuri. Mambo yaliharibika kazi ilipopungua. Viwanda vya ngozi duniani vikahamia kwenye kromi, ambayo ni ya haraka zaidi. Soli za viatu zikawa za mpira. Bei ya magome ikashuka, na mtu aliyekuwa akipalilia shamba lake la miwati, akivuna kwa zamu na kupanda upya kwa mistari, akaona hakuna sababu ya kuamka asubuhi. Akaliacha. Shamba lililoachwa likawa pori, pori likashuka mlimani, na lilipofika mtoni likaanza safari nyingine.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana mti ambao hujui tabia zake ndio utakaokutawala.

Muwati ni akasia, wa jamii ya kunde, kama maharage. Mizizi yake ina vinundu, na ndani ya vinundu hivyo mna bakteria wanaoichukua nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mti. Kwa sababu hiyo unastawi kwenye udongo uliochoka, kwenye kingo za barabara zilizokwanguliwa na greda, na kwenye vilima ambavyo mahindi yanatoka na rangi ya njano. Hukua haraka. Miaka minane hadi kumi unatosha kuvunwa, na huanza kutoa maua ungali mdogo, mwaka wa pili au wa tatu. Watu hupenda haraka hiyo. Lakini haraka ya mti wa kupandwa ndiyo haraka yake ukiwa gugu, haubadiliki tabia kwa kuwa umevuka mpaka wa shamba lako.

Mbegu ndiyo habari yenyewe. Ni ndogo, nyeusi, ina ganda gumu lisilopenyeza maji. Ikianguka chini haina papara. Inaweza kulala ardhini miaka 50 ikiwa hai. Mti mmoja mkubwa hudondosha mbegu nyingi kila mwaka, na nyingi kati ya hizo hazioti mwaka huo wala unaofuata. Zinalala. Unaweza kununua shamba lenye nyasi safi, muuzaji akakuapia kwamba hapa hapajawahi kuwa na miwati tangu azaliwe, naye asiwe mwongo. Mbegu zikawa zimelala chini tangu enzi za baba yake.

Kinachoziamsha ni moto. Joto hupasua lile ganda gumu, majivu yanarutubisha udongo, kivuli kimeondoka, jua linafika chini, na mvua ya kwanza ikinyesha mbegu huota kama ulezi uliomwagwa na mtoto. Nimeona mahali ambapo huwezi kuweka kiatu bila kukanyaga miche. Ndiyo maana moto kichaa, huo unaotusumbua kila mwaka kati ya Agosti na Novemba, ni rafiki mkubwa wa muwati. Unaua misindano ya jirani yako na kuizalisha miwati ya bondeni. Na ndiyo maana huwa ninakasirika, naomba radhi kwa wale niliowahi kuwafokea, ninapomwona kijana anafyeka miwati, anarundika matawi, anawasha kiberiti, kisha anajifuta jasho na kusema amemaliza. Hajamaliza. Amepanda.

Mbegu husafiri kwa njia tunazozitengeneza wenyewe. Kifusi kinachochotwa penye miwati na kumwagwa kwenye barabara ya kijiji kingine huzibeba. Maji ya mto huzibeba. Tope la kwenye kwato na kwenye magurudumu ya matrekta huzibeba. Huko Australia mti huu una maadui waliozoeana nao tangu zamani, fukusi wanaokula mbegu, vidudu wanaoharibu maua, magonjwa ya kutu kwenye majani. Mbegu zilipopakiwa melini, maadui hao hawakukata tiketi. Mwaka 2000 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, liliuweka muwati kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Lusina, ambayo baadhi yenu mnalisha mbuzi, nayo imo humo.

Tuje kwenye maji, kwa kuwa hapo ndipo ugomvi wangu na mti huu ulipo.

Mnajua kinyungu ni nini, au angalau bibi zenu wanajua. Ni bustani ya bondeni, inayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, mlimani kukiwa kumekauka. Mahindi mabichi ya Septemba hutoka huko. Maharage, mboga, viazi vya kuuza wakati bei iko juu, vyote huko. Kwa wanawake wengi wa nyanda hizi kinyungu ndiyo benki. Bonde linaweza kufanya hivyo kwa sababu vilima vinavyolizunguka ni vya nyasi, na nyasi zina adabu: mvua ikikatika, nazo hukauka juu na kuacha kunywa. Maji yaliyoingia ardhini mwezi Machi yanashuka polepole na kutokea bondeni mwezi Agosti. Muwati hauna likizo. Ni wa kijani mwaka mzima, na majani mabichi kiangazi maana yake maji yanapandishwa kila siku ya jua. Panda miwati michache kilimani, bonde litavumilia. Iache ijipange kando ya kijito, mizizi ndani ya maji, na baada ya miaka michache utaona kinyungu cha chini kinakauka Julai badala ya Oktoba. Watu watasema mvua zimepungua. Wakati mwingine ni kweli zimepungua. Wakati mwingine mnywaji amesimama pale pale kijitoni, na hakuna anayemtazama.

Tena mizizi ya muwati haiendi chini sana. Mto ukijaa, miti ya ukingoni huanguka pamoja na bonge la udongo, magogo yanakwenda kuziba daraja, na ukingo unazidi kumegeka. Watu wanaoipanda wakidhani inashika udongo wa mto wamedanganywa na urefu wake.

Vijito vyetu haviishii kwetu. Ruhuji unashuka hadi Kilombero, Kilombero unaingia Rufiji, na Rufiji ndiko liliko bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Sisemi kwamba muwati ulio nyuma ya choo chako utazima taa Kariakoo, msiende kunisingizia. Nasema kwamba sisi tuko juu ya bomba, na aliye juu ya bomba ana wajibu kwa walio chini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto kuwa eneo la hifadhi. Wengi mnaijua sheria hiyo kama kikwazo cha kulima. Isomeni pia kama ruhusa ya kuondoa miti ya kigeni iliyojipandia humo, mkishirikiana na serikali ya kijiji na watu wa bonde.

Wenzetu wa Afrika Kusini, waliotutangulia kuupokea mti huu, walitutangulia pia kujuta. Mwaka 1995, serikali mpya ya Mandela ikiwa bado changa, Waziri wa Maji Kader Asmal alianzisha mpango wa kitaifa wa kuondoa miti vamizi kwenye vyanzo vya maji. Waliajiriwa maelfu ya watu waliokuwa hawana kazi, wengi wanawake na vijana, wakapewa misumeno, mapanga na mafunzo. Kazi hiyo inaendelea hadi leo, miaka 30 baadaye, na miti bado ipo. Huko Cape Town, walipokaribia kukaukiwa kabisa na maji mwaka 2018, wataalamu walipiga hesabu kwamba kuondoa miti vamizi, akasia za Australia pamoja na misindano na milingoti, kwenye mabonde yanayolisha mabwawa ya mji huo kungerudisha zaidi ya lita bilioni 50 za maji kila mwaka, tena kwa gharama ndogo kuliko mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Kanuni zao zinamtaka anayelima muwati awe na kibali, na awajibike kuuzuia usitoke nje ya shamba lake. Kanuni ya namna hiyo ningeipenda hapa.

Lakini kilichonivutia zaidi kwao ni wadudu. Afrika Kusini ina kiwanda kikubwa cha magome, kwa hiyo haikuwezekana kuleta mdudu wa kuua miti. Wakatafuta njia ya katikati. Kutoka Australia walileta fukusi anayekula mbegu, halafu wakaleta kidudu mdogo mno anayelifanya ua livimbe kuwa kinundu badala ya kuzaa ganda la mbegu. Mti unabaki hai, gome linabaki, kuni zinabaki, uzazi unapungua. Kwa akasia nyingine ya Australia iliyovamia mchanga wa eneo la Cape walileta mwaka 1987 ukungu wa kutu, na miti hiyo ikapungua sana. Kila mdudu wa aina hii hujaribiwa kwa miaka akiwa amefungiwa, ahakikishwe kwamba hatahamia kwenye mimea mingine. Ni kazi ya serikali na taasisi za utafiti wa misitu kama TAFORI, si ya kijana mwenye chupa mfukoni. Nawaambia ili mjue cha kuwadai viongozi.

Basi, mzee, mtaniuliza, si tuutumie tu mpaka uishe? Hilo ndilo wazo linalonipa kazi kubwa kuliko yote, kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Matumizi yapo, tena mazuri. Mkaa wa muwati ni mzito, unawaka muda mrefu, na kila gunia lake linalouzwa linaweza kuokoa mti mmoja wa asili usikatwe. Mirunda yake ni minyoofu, mafundi ujenzi wanaihitaji. Viwanda vya chai vinataka kuni za kukaushia. Kampuni ile ya Njombe ilijenga mwaka 1995 mtambo wa megawati 2.5 unaozalisha umeme kwa kuchoma mabaki ya miti. Tanini inatengenezea gundi ya mbao za tabaka. Nyuki wanapata chavua kwenye maua yake.

Magome yenyewe bado ni mali kwa mwenye akili ya kazi za mikono. Maji machafu yenye kromi yanalalamikiwa kila penye kiwanda cha ngozi, na wako wanunuzi wanaotaka ngozi iliyolainishwa kwa magome. Gome huchunwa wakati wa mvua, likiwa na utomvu. Kiangazi linang'ang'ania, utavunja kucha. Likatekate, liloweke. Ngozi iliyokwisha nyolewa na kusafishwa huanzia kwenye maji mepesi ya magome, kisha hupandishwa kidogo kidogo kwenye maji mazito, wiki baada ya wiki. Ukianzia kwenye maji mazito, uso wa ngozi unaiva na katikati inabaki mbichi, na mteja atakurudishia mkanda. Kwa vijana watatu au wanne wenye subira, karibu na machinjio, hiyo ni biashara ya viatu na mikoba. Ningependa kuona kikundi kimoja tu hapa kinaifanya.

Nusu isiyo kweli ni kudhani kwamba matumizi yataumaliza uvamizi. Mchoma mkaa anakata mti mkubwa na kuacha mbegu ardhini, jua likishafika chini zinaota mara kumi. Visiki vingine huchipua. Anachagua miti minene iliyo karibu na barabara, si miche iliyo kwenye korongo ambako ndiko madhara yanaanzia. Na mtu akishapata kipato kutokana na gugu, hana haja ya kuliona linaisha. Wala simlaumu. Hakuna anayekata tawi alilokalia.

Tazameni Kenya. Miaka ya mwanzo ya 1980 wataalamu walipeleka Baringo mti wanaouita mathenge, kutoka Amerika, ili wafugaji wapate kuni na kuzuia jangwa. Si akasia hasa, lakini ni wa jamii hiyo hiyo ya kunde, na hadithi ni ile ile. Mifugo wakala maganda yake matamu, wakasambaza mbegu kwa samadi, na mbuzi waliotegemea maganda hayo meno yakaharibika. Mwaka 2006 jamii ya Wailchamus iliishtaki serikali, na mahakamani wakapeleka mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Tangu hapo watu wamefundishwa kuchoma mkaa wake na kusaga maganda kuwa chakula cha mifugo, jambo jema, kwa kuwa mbegu iliyosagwa haioti. Hata hivyo mathenge bado unatembea.

Upande mwingine tazameni Ethiopia, eneo la Awi katika jimbo la Amhara. Wakulima wa huko waliipanda akasia ndugu ya muwati kwenye ardhi yenye asidi iliyokuwa imegoma kutoa mazao. Mwaka wa kwanza walilima tefu katikati ya miche, baada ya miaka minne au mitano wakakata mti wote na kuchoma mkaa wa kupeleka Addis Ababa, kisha wakaanza upya. Jembe liliingia kila mzunguko, na hilo ndilo lililofanya mti ubaki shambani. Mapato yakawa mazuri hadi miaka ya karibuni, ugonjwa wa kutu ulipoingia na kuwakaushia miti mashamba kwa mashamba. Waliokuwa wameweka kila kitu kwenye mti mmoja waliumia. Na hapa kwetu soko la mkaa lenyewe limewekewa ukomo: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034. Hata ukifikiwa nusu tu, kijana anayepanda leo kwa ajili ya mkaa wa miaka kumi ijayo anapaswa kujiuliza mara mbili.

Niingize onyo dogo hapa, kwa kuwa nawajua. Mkisikia akasia ni vamizi msikimbilie migunga kwa mashoka. Mgunga wa Usangu wenye miba ni mwenyeji, na nyuki, twiga na mbuzi wanaujua. Muwati hauna miba. Majani yake ni mfano wa unyoya, ya kijani kilichoiva, na maua yake ni ya njano iliyofifia. Tena msidhani uvamizi ni dhambi ya miti ya Australia peke yake. Mgunga mmoja ambao unaota pia kwetu, wa aina iliyotoka India na Pakistan, ulipelekwa Queensland mwishoni mwa karne ya 19 uwe kivuli na malisho ya kondoo. Leo umetawala zaidi ya hekta milioni 6 za mbuga zao, na Waaustralia walikuja hadi Kenya kutafuta wadudu wa kuudhibiti. Hakuna mti mbaya kwao. Mti huwa mbaya pale ulipopelekwa bila mwenye kuuchunga.

Sasa kazi. Mwenye shamba la miwati kilimani, mbali na maji, na mwenye mnunuzi anayejulikana, aendelee. Ila azungushe barabara ya moto pana, apalilie mpaka wake kila mwaka, na asiuze wala kugawa udongo wa humo. Akishavuna na kutaka kuachana na mti huo, aite jembe. Aache miche iote, ailime, apande viazi, kisha mahindi, kisha maharage, misimu kadhaa mfululizo. Kila palizi inapunguza mbegu zilizolala, na anakula huku akisafisha. Shamba linaloachwa lipumzike baada ya muwati halipumziki.

Mwenye bonde ndiye ninayemsihi zaidi. Anzeni juu kabisa, kwenye chanzo, mshuke na maji, kwa kuwa mbegu zinashuka. Anayeanzia chini anafagia ngazi kutoka chini kwenda juu. Miche ing'olewe kwa mkono wakati wa mvua, udongo ukiwa laini, mzizi utoke wote. Mti mkubwa ukikatwa, kisiki kichunwe gome mpaka chini ya usawa wa udongo, na hapo kitakufa bila dawa ya magugu kuingia mtoni. Msichome matawi ukingoni. Yabebeni, ni kuni hizo. Msiondoe kila kitu kwa siku moja na kuacha ukingo mtupu, wekeni mivengi, mikuyu na nyasi za asili nafasi ikipatikana. Na mrudi mwaka unaofuata, na unaofuata. Wengi hushindwa hapa, kwa sababu siku ya kwanza kunakuwa na diwani, picha na soda, na mwaka wa tatu hakuna mtu.

Kamati ya maji ya kijiji iwe na siku yake ya kung'oa kila msimu, iandikwe kwenye sheria ndogo, na faini iwepo kwa anayepanda muwati ndani ya mita 60. Vijana wa boda boda, ninyi mnapita kila korongo. Mkiona miwati imeanza kuota mahali papya, mwambieni mwenyekiti wakati ingali ya kimo cha goti.

Mvua zitaanza Novemba. Mche wa mwaka huu unang'oka kwa vidole viwili. Wa miaka mitatu utahitaji panga. Wa miaka kumi utahitaji msumeno, fedha za vibarua, na kikao kirefu na jirani anayedai kwamba ni wake. Shukeni bondeni mwaka huu, na jirani huyo mwende naye.